Diski za Sumaku katika Hewa ya Pemba

Mhadhara uliotolewa Chake Chake mbele ya walimu, makarani, watumishi wa afya, masheha na wananchi

Wenyeji wa ukumbi wametenga meza nzima kwa ajili ya disketi na katriji kongwe walizoombwa wageni waje nazo, na wala hakuna aliyeweka kikombe cha chai juu yake.

Madhumuni ya mhadhara ni kueleza namna ya kushika, kuhifadhi na kusafirisha diski za sumaku za kuchomoa: disketi, katriji za SyQuest, Zip na Jaz, na pamoja nazo kanda za sauti, ambazo ni za ukoo huo huo. Dai kuu ni moja. Maelekezo yaliyochapwa kwenye maboksi ya diski hizo yaliandikwa kwa ofisi ambazo kiyoyozi chake hakizimwi usiku wala mchana. Mtu wa Pemba akiyashika nusu nusu, yaani akapoza chumba mchana na kukiacha usiku, anaweza kuziharibu diski zake haraka kuliko jirani yake asiyekuwa na kiyoyozi kabisa. Kisiwani mpangilio uwe mwingine: ukavu kwanza, hali isiyobadilika-badilika ya pili, baridi mwisho.

Huenda yupo anayejiuliza vyombo hivi vya kale vina haja gani leo, wakati kila kijana ana fleshi mfukoni. Jibu limo katika historia ya nchi. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, na mlango haukufunguka vizuri mpaka miaka ya 1990. Kompyuta za mezani zilipoanza kuenea maofisini, chombo cha kubebea kazi kilikuwa disketi, na kwa wenye kazi kubwa, katriji. Ndiyo maana kizazi cha kwanza cha kumbukumbu za kompyuta katika ofisi nyingi za nchi hii kiliandikwa juu ya sumaku. Kilichoandikwa hivyo na hakijanakiliwa bado kimo ndani ya makabati, na kila masika inayopita inakila kidogo.

Na Pemba si mahali pa kudharau takwimu zake. Mwaka 2002 ulianza hapa utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na foliki asidi. Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa, kwa kuwa watoto wa makundi hayo walilazwa na kufariki zaidi katika mazingira yenye malaria nyingi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani juu ya kuwapa watoto chuma katika nchi za malaria ukabadilika. Mfano huu umetajwa kwa ajili ya thamani ya takwimu, wala haukutajwa kwa ajili ya chombo kilichozibeba. Namba zilizokusanywa nyumba kwa nyumba katika kisiwa hiki ziliwahi kugeuza fikra za dunia, na haifai namba nyingine za aina hiyo zife kwa ukungu ndani ya droo.

Hoja ya kwanza: kilichomo ndani ya ganda

Diski ya sumaku ni bamba lililopakwa tabaka jembamba la chembe za sumaku, zilizoshikiliwa na gundi maalumu au kulazwa kama utando wa madini. Katika disketi bamba hilo ni plastiki laini, na katika katriji za SyQuest na Jaz ni gumu. Maandishi ni mwelekeo wa sumaku wa chembe hizo, na kichwa cha kusomea huuhisi bamba linapozunguka.

Mashine ya kwanza iliyompa fundi uhuru wa kuchomoa diski na kuchomeka nyingine ilitangazwa na IBM mwaka 1962. Ilikuwa IBM 1311. Furushi lake la mabamba sita, kila moja na upana wa inchi 14, lilikuwa na uzito wa kilo nne na nusu hivi na lilibeba herufi milioni mbili tu. Disketi ndogo ya inchi tatu na nusu iliyoenea kutoka mwaka 1987 hubeba megabaiti 1.44. Zip, iliyoingia sokoni mwaka 1995, ilibeba megabaiti 100, sawa na disketi kama 70 kwa mkupuo mmoja. Wachapaji wa magazeti na vitabu duniani walizipenda katriji za SyQuest za megabaiti 44, mpaka kampuni hiyo ilipofilisika mwaka 1998.

Tofauti moja lazima ieleweke kabla ya kusonga mbele. Katika disketi kichwa hugusa bamba lenyewe. Katika katriji zenye bamba gumu kichwa huelea juu ya hewa, kwa kimo kidogo mno. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, na kichwa cha katriji hakielei juu hata kwa sehemu ya kumi ya unene huo. Chembe moja ya vumbi hapo ni jabali. Kwa hiyo karani anayefungua kile kimlango cha chuma cha disketi ili "aangalie kama ni safi" anafanya kosa dogo, lakini anayefungua mlango wa katriji ya SyQuest kwa nia hiyo hiyo huenda ameimaliza.

Hoja ya pili: unyevu ndiye adui mkubwa

Hapa mhadhara utakaa kidogo, maana ndipo Pemba inapoachana na vitabu.

Diski za sumaku hupenda hewa yenye unyevu kati ya asilimia 40 na 50. Ukizidi asilimia 65 au 70, ukungu huanza kuota juu ya gundi inayoshika chembe. Hewa ya Pemba hukaa karibu na asilimia 80 sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, hupanda zaidi. Ukungu huonekana kama vidoa vyeupe au duara hafifu juu ya bamba, ukiisogeza disketi kwenye mwanga na kuzungusha kitovu chake polepole. Disketi ya namna hiyo ikitiwa kwenye mashine, kichwa huuburura ukungu, ukungu hukwaruza tabaka, na maandishi huondoka pamoja na unga.

Kanda za sauti zina maradhi yake. Katika kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi hunyonya maji ya hewani na kuvunjika, kanda ikawa inanata na kulia inapopita kwenye kichwa. Mafundi wa hifadhi huzikausha katika tanuri maalumu kwa joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa kadhaa, kisha huzinakili upesi kabla hazijanata tena. Asiye fundi asilijaribu hilo jikoni, na kwa disketi lisijaribiwe na yeyote.

Watu wengi husikia habari ya unyevu wakakimbilia kiyoyozi. Hesabu yake ni hii. Hewa yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha umande juu ya kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 24 hivi. Diski iliyolala kwenye chumba cha nyuzi 20 ikitolewa barazani, hupata umande papo hapo, nje na ndani ya ganda. Na chumba kinachopozwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana, kisha kiyoyozi kikazimwa na watu wakaenda zao, huingiza hewa ya bahari kupitia kila upenyo, ikikuta makabati ya chuma yangali baridi. Kesho yake mchezo unaanza upya. Waheshimiwa makarani, ofisi ya namna hiyo inazilowesha diski zake kila siku ya kazi.

Basi ifanyweje? Kama kiyoyozi hakiwezi kuwaka saa zote, diski zisikae chumba chenye kiyoyozi. Zichaguliwe chumba cha katikati ya jengo, kisichopigwa na jua la magharibi wala kupakana na choo au tangi la maji, na humo ziwekwe ndani ya masanduku ya plastiki yenye mfuniko wenye mpira unaobana. Maboksi ya karatasi ngumu yaondolewe, kwa kuwa hunyonya maji na huita mchwa. Ndani ya kila sanduku kiwekwe kifuko cha silika jeli, zile punje zinazokuja na viatu vipya na kamera, pamoja na kipima unyevu kidogo. Silika jeli hunyonya maji mpaka kiasi fulani, kisha hushiba. Zile za rangi hubadilika zikishiba, na hukaushwa kwa saa chache katika oveni ya nyuzi 120 hivi zikarudi kazini.

Siku ya kufunga sanduku nayo ina maana. Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa hili: karafuu iliyokusanywa ikiwa mbichi na kulundikwa gunia haikauki humo, inaharibikia humo. Diski ni vivyo hivyo. Sanduku likifungwa siku ya mvua ya Aprili, limefungiwa mvua ndani. Lifungwe mchana wa jua, kwa silika jeli iliyotoka kukaushwa, na lifunguliwe kwa haja tu.

Mtu aliyelazimika kutoa diski chumba cha baridi aitie kwanza ndani ya mfuko wa nailoni akiwa humo humo, aufunge vizuri, kisha autoe na kuuacha umefungwa saa mbili au zaidi. Umande utakaa juu ya mfuko, bamba litabaki kavu.

Kuna wanaoweka mchele badala ya silika jeli. Mchele hunyonya kidogo na huacha unga, na unga ni vumbi. Wengine huweka nafthalini ili kufukuza mende, nayo mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki. Vyote viwili vibaki vinakohusika: mchele jikoni, nafthalini msalani.

Hoja ya tatu: chumvi, vumbi na mikono

Chumvi ya kawaida huanza kujiyeyusha kwa maji ya hewani unyevu unapopita asilimia 75. Kwa kiwango cha Pemba, chembe ya chumvi iliyopulizwa na kusi na kutua kwenye kitovu cha chuma cha disketi haibaki kavu, inageuka tone dogo la maji ya bahari. Ofisi za Mkoani na Wete zilizo karibu na maji zinaijua kutu hiyo kwenye bawaba za milango. Diski na mashine zake zifunikwe, na madirisha ya upande wa pwani yafungwe wakati wa kunakili hata kama watu watatoka jasho.

Kuhusu mikono, kanuni ni fupi. Bamba lisiguswe kamwe. Diski zisimamishwe kama vitabu rafuni, zisilundikwe kwa kulala. Lebo iandikwe kabla ya kubandikwa, na kwenye zile disketi kubwa laini za inchi tano na robo isitumike kalamu ya bolpeni juu ya ganda. Mpira wa kufungia na klipu za karatasi zisitumike. Katriji ya bamba gumu iliyoanguka sakafuni, hata ikionekana nzima, isitiwe kwenye mashine kabla ya kukaguliwa.

Sumaku zinaogopwa kupita kiasi. Nguvu ya sumaku hupungua upesi sana kwa umbali, na spika ya redio iliyo upande wa pili wa meza haina madhara. Kinachotakiwa ni kutoziegemeza diski kwenye spika, mota au mlango wa kabati wenye sumaku. Mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege nayo haifuti diski. Msafiri anayekwenda Unguja kwa boti kutoka Mkoani aogope zaidi rasharasha za mawimbi kule nje na jua la kioo cha mbele cha gari bandarini. Diski isafiri ndani ya mkoba, ndani ya mfuko uliofungwa, na mwenye mkoba asiuache kwa mchukuzi.

Hoja ya nne: umeme

Mpaka mwaka 2010 Pemba iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ulikamilika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye urefu wa kilomita 78 hivi, kwa msaada mkubwa wa Norway, na kisiwa kikaungana na gridi ya taifa. Unguja, iliyotangulia kuunganishwa, ilikuwa imeonja giza mara mbili waya wake ulipopata hitilafu: Mei hadi Juni 2008, na tena Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hali imekuwa bora tangu hapo, lakini kukatika kwa ghafla hakujaisha.

Umeme ukikatika wakati disketi inaandikwa, faili hilo hupotea au hukatika nusu. Ukikatika wakati katriji ya bamba gumu inazunguka, ile hewa inayokibeba kichwa hupungua kadiri mwendo unavyopungua. Mashine kama RK05 ya kampuni ya Digital, ya miaka ya 1970, ilikuwa na betri yake ya kurudisha vichwa mahali salama pindi umeme unapozimika. Leo kazi hiyo ifanywe na UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme unapokatika. Asiwepo mtu anayesoma katriji kongwe Pemba bila UPS yenye betri nzima, na neno "nzima" lisikilizwe vizuri, maana UPS nyingi maofisini zimebaki kuwa taa za kijani tu.

Hoja ya tano: diski mgonjwa huambukiza

Huu ni ugonjwa usiohusiana na virusi vya kompyuta. Miaka ya 1990 watumiaji wa Zip walianza kusikia mlio wa "tik, tik, tik". Kichwa kilichoharibika kilikuwa kikichana ukingo wa diski. Mwenye diski akadhani mashine ni mbovu, akaichukua diski kwa jirani, na ukingo ule uliochanika ukaharibu kichwa cha mashine ya jirani. Jirani akatia diski nyingine nzima, nayo ikachanika. Mwaka 1998 kampuni ya Iomega, mtengenezaji wa Zip, ilifunguliwa kesi ya watumiaji kwa ajili hiyo Marekani. Mafundi wa zamani wa mafurushi makubwa ya IBM walikuwa na kisa kama hicho, cha mtu mmoja aliyezunguka chumba kizima akijaribu furushi moja bovu kwenye mashine baada ya mashine.

Wema wa kijirani ndio unaoponza hapa. Mtu akisikia diski ya jirani haisomeki, hamu ya kwanza ni kumsaidia kwa kuijaribu kwenye mashine yake. Asifanye hivyo. Diski inayolia, yenye ukungu au iliyoanguka iwekwe kando, iandikwe "isitumike", na kichwa cha mashine iliyoigusa kisafishwe kwa pamba isiyoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili kabla ya diski nyingine kuingia.

Hoja ya sita: mashine inakufa kabla ya diski

Sony, iliyoileta disketi ya inchi tatu na nusu mwaka 1981, iliacha kuzitengeneza mwaka 2011. Serikali ya Japani iliondoa masharti yake ya mwisho ya kutumia disketi mwaka 2024. Mashine za kusomea disketi bado zinapatikana kwa waya wa USB, lakini za SyQuest na Jaz ni za kuokoteza, na kila moja inayotupwa jalalani hupunguza idadi ya katriji zitakazowahi kusomwa.

Marekani ilijifunza hili kwa picha za mwezi. Kanda za vyombo vya Lunar Orbiter vya mwaka 1966 na 1967 zilihifadhiwa vizuri, lakini zilisomeka upya kuanzia 2008 kwa sababu tu mama mmoja mtunza kumbukumbu, Nancy Evans, alikuwa ameziweka mashine kuukuu za Ampex ndani ya banda la gari nyumbani kwake. Mwaka 2014 michoro ya Andy Warhol ya mwaka 1985 ilitolewa kwenye disketi za kompyuta ya Amiga, baada ya wanafunzi wa Carnegie Mellon kutumia kifaa kinachosoma mawimbi ya sumaku yenyewe bila kutegemea mpangilio wa faili. Matumaini yapo, basi, hata kwa disketi ambayo kompyuta ya kawaida inasema ni tupu. Swali la "format" linapotokea kwenye skrini, lisibonyezwe "ndiyo".

Kinachofuata

Mhadhara unatoa mapendekezo ya kazi, na ratiba yake inafuata majira. Wakati wa masika sanduku lolote lisifunguliwe. Hiyo ndiyo miezi ya kuorodhesha: kila idara, kila skuli na kila kituo cha afya kihesabu diski na kanda zake kwa kutazama lebo, na kiandike pia mashine zilizobaki, zikiwemo zile zilizokwisha kupewa hukumu ya kutupwa. Orodha ziende Chake Chake.

Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, hewa hupoa na mvua hupungua. Hapo iwekwe meza moja ya kusomea kwa ajili ya kisiwa kizima, yenye UPS, mashine za disketi na Zip zilizosafishwa, na kifaa cha kusoma mawimbi ya sumaku. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar iliyoko Mchangamdogo inaweza kuombwa kuipokea, na vijana wa kompyuta wakapata somo ambalo halimo kwenye silabasi. Kila diski yenye kitufe cha kuzuia kuandikwa ifungwe kitufe hicho kabla ya kuguswa na mashine. Inakiliwe yote, sekta kwa sekta, mara moja tu kwa utulivu, na nakala ihakikiwe. Nakala ziwe tatu: mbili Pemba katika majengo tofauti, na moja ivuke bahari ikahifadhiwe Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani.

Diski zenyewe zisitupwe baada ya kunakiliwa. Zirudi kwenye sanduku lake na silika jeli mpya, kwani kifaa bora zaidi cha kusomea huenda kikabuniwa kesho.

Maswali sasa yanakaribishwa, na wenye disketi mezani waanze wao. Ile yenye vidoa vyeupe, ya mwalimu wa safu ya tatu, itabaki ndani ya mfuko wake mpaka Juni.